Swichi za Momentari Zilizobaki Mezani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwaka juzi niliagiza swichi 20 za kukanyaga za pini tisa, zile za kuwashia na kuzimia pedali za gitaa, yaani vikasha vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti. Mzigo ulipofika Kisumu baada ya wiki saba, mfukoni mlikuwa na swichi 20 za pini mbili, za momentari. Nilimwandikia muuzaji mara tatu, akanyamaza. Zikakaa kwenye kopo la majani ya chai chini ya meza yangu, na kila mpiga gitaa aliyeingia kutengenezewa kitu alichota moja, akaibonyezabonyeza, akauliza, "Fundi, hii ni ya nini?" Nikawaambia ni ya ubunifu, na majibu niliyowapa nimeyakusanya hapa. Kopo sasa lina swichi nne.

Nitajuaje kama swichi niliyo nayo ni ya momentari?

Ibonyeze kwa kidole gumba. Swichi ya kawaida ya pedali hulia "tak" na kubaki ilivyo mpaka uibonyeze tena. Momentari hufanya kazi wakati tu umeikandamiza, na ukiondoa kidole inarudi. Nyingi hazilii kabisa, lakini zipo zinazolia, kwa hiyo usiamini sikio. Chukua mita, iweke kwenye alama ya mlio, gusa pini mbili. Mita ikilia ukibonyeza, hiyo ni swichi ya kuunganisha. Ikilia wakati hujaigusa na kunyamaza ukibonyeza, hiyo ni ya kukata. Ukipata yenye pini tatu, shukuru: pini moja ni ya pamoja, na zilizobaki moja ni ya kuunganisha, nyingine ya kukata, kwa hiyo unachagua utakayo.

Iandike kwa kalamu ubavuni mwa swichi mara moja. Nimewahi kuzichanganya nikapoteza jioni nzima nikilaumu transista isiyo na kosa.

Mbona nisiitumie tu kuwasha na kuzima pedali kama ile nyingine?

Unaweza, ila utakanyaga wimbo mzima kama mshona nguo. Ili ibaki imewaka baada ya kuinua mguu, lazima kitu kingine kikumbuke kwa niaba yake. Pedali ndogo za Boss, na Tube Screamer ya Ibanez, zimefanya hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970: swichi yenyewe ni ya momentari, nyuma yake kuna saketi ndogo ya transista inayopinduka kila ukikanyaga, na hiyo ndiyo inayofungulia sauti njia hii au ile.

Kwa pedali ya nyumbani mimi hutumia chipu ya CD4013, ya senti chache, ambayo inakubali volti 9 za betri bila shida. Chukua nusu yake moja. Unganisha pini 2 na pini 5. Pini 3 ndiyo inayopokea mguu wako: iwekee rezista ya kilo-omu 100 kwenda ardhini (yaani upande hasi wa betri) na kapasita ya nanofaradi 100 kwenda ardhini, kisha swichi ilete volti 9 hapo kupitia rezista ndogo ya omu 100. Pini 6 iende ardhini. Pini 4 ipate kilo-omu 100 kwenda ardhini na nanofaradi 100 kutoka kwenye volti 9, ili pedali ianze ikiwa imezimwa kila unapoiwasha. Pini 14 ni volti 9, pini 7 ni ardhi. Pini 1 inatoa jibu: inawaka, inazima, inawaka. Hiyo unaipeleka kwenye transista ya kuendesha relei ndogo (swichi inayosukumwa na umeme) na taa ya LED. Usisahau diodi sambamba na koili ya relei, mstari wake ukielekea upande wa chanya.

Nusu ya pili ya chipu usiiache ikining'inia. Pini 8, 9, 10 na 11 zote ziende ardhini. Chipu za aina hii zikiachwa na pini za kupokea hewani huokota kila mtetemo unaopita, na utadhani pedali ina majini.

Nimefanya hivyo, lakini nikikanyaga mara moja inabadilika mara mbili. Kwa nini?

Vyuma vilivyo ndani ya swichi havikutani mara moja tu. Vinagongana na kurukaruka kwa elfu chache za sekunde kabla ya kutulia, na chipu ina kasi ya kutosha kuhesabu kila mruko. Ile kapasita ya nanofaradi 100 pamoja na kilo-omu 100 hufunika milisekunde 10 hivi. Kwa swichi mpya zinatosha. Swichi ikizeeka, badilisha kilo-omu 100 iwe 470 na tatizo huisha.

Wenye kutaka uhakika zaidi huweka geti la CD40106, chipu ya kusafisha miruko hiyo, kati ya swichi na pini 3. Ni wazo zuri, ila geti hilo hugeuza: ukiweka moja bila kubadilisha kitu kingine, pedali itawaka unapoinua mguu, si unapokanyaga. Badilisha basi na swichi: iwe inapeleka ardhini, na rezista ya kilo-omu 100 ivute kwenda volti 9. Kijana mmoja aliniletea pedali yake akisema "inachelewa". Haikuwa inachelewa. Ilikuwa inamsubiri ainue kiatu.

Sitaki chipu. Kazi ipi ni rahisi kuliko zote?

Kukata sauti. Swichi moja ya kuunganisha, jeki mbili (matundu ya kuchomekea waya wa gitaa), kasha, basi. Waya wa sauti unatoka jeki ya kuingia hadi jeki ya kutoka, na swichi inakaa kati ya waya huo na ardhi. Ukikanyaga, sauti inamwagika ardhini na spika zinanyamaza. Ukiinua, inarudi. Piga kodi moja (nyuzi kadhaa kwa pamoja) iachie ilie, halafu gongagonga swichi kwa ncha ya kiatu kufuata mdundo: kodi inakatikakatika vipande vipande kama taa ya dansi. Haihitaji betri wala lehemu nyingi, na mtoto wa shule anaweza kuimaliza kabla ya chakula cha jioni.

Ikiwa inafuata moja kwa moja baada ya gitaa, hakuna cha kuungua. Ikiwa inafuata baada ya pedali nyingine iliyowashwa, weka rezista ya kilo-omu 1 kabla ya swichi ili usiilazimishe saketi ya pedali ile kusukuma umeme wake wote ardhini.

Je, naweza kuiweka kwenye waya wa kwenda spika?

Hapana! Hapo utakuwa unaunganisha matokeo ya ampli yenyewe na ardhi, na ampli ya transista inaweza kukufia miguuni kwa sekunde moja. Kukata sauti ni kazi ya upande wa gitaa, kabla ya ampli.

Unasema "ubunifu". Mpaka sasa ni kuwasha na kuzima tu.

Haya. Hapa ndipo ninapowaambia watu wasahau neno "kuwasha". Swichi ya kawaida inajua hali mbili, na ukishakanyaga mguu wako umekwenda zake. Momentari iko nawe muda wote mguu uko chini. Kwa hiyo kabla hujatoboa kasha jiulize mambo mawili: mguu ukiwa chini nataka nini kitokee? Na ukiinuka, nataka kiishe vipi: ghafla, au polepole? Swali la pili ndilo watu husahau, na mara nyingi ndilo tamu.

Mfano ninaoupenda ni mwangwi. Pedali nyingi za mwangwi za kutengeneza nyumbani zimejengwa juu ya chipu ya PT2399. Ndani yake sauti inacheleweshwa, kisha sehemu yake inarudishwa mwanzo ili irudie tena na tena. Poti ya marudio, yaani rezista ya kuzungusha kwa kitufe, ndiyo inayoamua ni kiasi gani kirudi. Ukiifungua mpaka mwisho, kila rudio linakuwa kubwa kuliko lililotangulia, na pedali inaanza kulia yenyewe bila gitaa. Watu wengi huiogopa hali hiyo. Sasa, chukua momentari na uivushe kati ya pini ya katikati ya poti na ile pini inayoleta sauti iliyocheleweshwa, ukiweka poti ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi, ya kilo-omu 50, mfululizo na swichi. Poti yako ya kawaida inabaki kwenye marudio matatu manne ya heshima. Ukikanyaga, mwangwi unapanda, unavimba, unaanza kunguruma kama mvua inayokuja kutoka ziwani. Ukiinua mguu, hausimami: unashuka taratibu, rudio baada ya rudio, mpaka unazimika. Ile poti ndogo inaamua upandaji uwe wa haraka au wa polepole. Iweke polepole. Nusu ya watu wanaoiweka haraka huniambia wiki ya pili kwamba mwimbaji amewakataza kuitumia.

Kuna kingine cha kufanya na PT2399?

Kipo, na ni cha vichekesho zaidi. Muda wa mwangwi huamuliwa na rezista kati ya pini 6 na ardhi: kama kilo-omu 27 hutoa milisekunde 340 hivi, na kadiri unavyopunguza ndivyo mwangwi unavyokuwa mfupi, mpaka milisekunde 30 na kitu. Gawa rezista hiyo iwe mbili mfululizo na uweke momentari sambamba na moja. Ukikanyaga wakati mwangwi unalia, sauti zilizomo ndani zinapaa juu ghafla, na ukiinua zinaporomoka. Ni mlio wa kaseti inayovutwa.

Tahadhari moja: usiiache pini 6 ikafika ardhini moja kwa moja. Acha angalau kilo-omu 1 isiyoguswa na swichi, la sivyo chipu inaweza kugoma, hasa ukiwasha pedali mguu ukiwa juu ya swichi.

Je, naweza kugonga tempo, mwangwi ufuate mwendo wa wimbo?

Kwa PT2399 peke yake, hapana. Chipu hiyo haijui kuhesabu. Utahitaji kompyuta ndogo ya chipu moja, ATtiny85 au Arduino, ipime muda kati ya mkanyago na mkanyago kisha ibadilishe rezista ya pini 6 kwa niaba yako. Ni mradi wa wiki kadhaa na si wa kwanza kuuanza.

Lakini kama tayari una pedali ya mwangwi ya dukani yenye tundu la nje la tempo, una bahati: unachohitaji ni swichi, jeki na waya mbili ndani ya kasha. Hakuna betri. Watu hulipa pesa nzuri kwa kikasha hicho.

Hesabu ya kukumbuka ni 60,000 gawa kwa mapigo ya dakika. Wimbo wa mapigo 120 una milisekunde 500 kila pigo. PT2399 moja haifiki huko kwa usafi, ila nusu pigo, 250, inafika vizuri.

Sisi tunapiga benga. Haya makelele yote yanatuhusu nini?

Niliulizwa hivi na mzee mmoja aliyekuja kurekebishiwa ampli, na aliuliza kwa uso wa mtu anayekulia chakula chako huku akikisema. Nilimpa kiti.

Benga ni muziki wa gitaa safi. Vidole vinakimbia juu ya nyuzi kama vya mpiga nyatiti, na nyatiti yenyewe, yenye nyuzi nane tu, haikuwahi kuhitaji pedali. Ukiuzamisha mkimbio wa namna ile ndani ya mwangwi mrefu unaua kila kitu. Hilo nakubali. Lakini sikiliza namna gitaa linavyokaa na sauti ya mtu katika rekodi za D. O. Misiani na Shirati Jazz: mwimbaji anatoa mstari, gitaa linajibu kwa maneno machache, mwimbaji anaendelea. Jibu hilo ni fupi mno. Ukilikuza kwa pedali ya kawaida lazima ukanyage kuingia na ukanyage kutoka, na ukisahau kutoka mara moja umemfunika mwimbaji. Momentari imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Unakanyaga, unajibu, unainua. Mguu hausahau kwa sababu umechoka kukandamiza.

Saketi yake: hatua moja ya TL072, chipu ya kukuza sauti, iliyopangwa kukuza mara 2, yaani kilo-omu 100 ya kurudisha na kilo-omu 100 inayokwenda ardhini kupitia kapasita. Ongeza njia ya pili ya kwenda ardhini, kilo-omu 33 na kapasita yake, na momentari mwishoni mwa njia hiyo. Ukikanyaga, ukuzaji unatoka mara 2 unakuwa kama mara 5, yaani nyongeza ya desibeli 8 hivi. Zinatosha kusikika nyuma ya besi na ngoma bila kumkera mtu wa mitambo.

Mzee alirudi baada ya wiki mbili kuchukua ya pili. Hakusema kitu kuhusu ile ya kwanza.

Nikikanyaga spika inapiga "pop". Nimekosea wapi?

Kapasita iliyounganishwa na swichi huwa haina chaji swichi ikiwa wazi, na unapokanyaga inajaa kwa pupa. Ule mruko ndio unaousikia. Weka rezista ya mega-omu 1 sambamba na swichi. Hiyo inaweka kapasita ikiwa imejaa tayari, wala haibadilishi sauti ya kusikika. Katika saketi ile ya juu usiiache.

Nimesikia kuna namna ya kufanya sauti izunguke kama spika za Leslie. Ni kweli?

Karibu sana. Spika ya Leslie ina sehemu zinazozunguka, na kwa kuwa ni vitu vyenye uzito, ukibadilisha kasi hazifiki papo hapo: zinapanda taratibu na kushuka taratibu. Hilo ndilo sikio linalipenda. Ikiwa una pedali ya feza (phaser, ya kuzungusha sauti) au tremolo (ya kuitetemesha) yenye poti ya kasi, unaweza kuigiza.

Chukua LED moja na rezista ya mwanga moja, zitazamane, zifunge pamoja kwa utepe mweusi mpaka mwanga wa nje usiingie hata chembe. Rezista ya mwanga unaiunganisha sambamba na poti ya kasi, ikiwa imewekwa kama rezista ya kubadilika, pamoja na rezista ndogo mfululizo ili isipite kiasi. LED inaendeshwa na transista ya BC547: emita inatoa kupitia kilo-omu 1 hadi LED hadi ardhini, kolekta iko kwenye volti 9. Kwenye besi ya transista weka kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda ardhini na kilo-omu 47 kwenda ardhini, na momentari ilete volti 9 hapo kupitia kilo-omu 10. Ukikanyaga, kapasita inajaa kwa takriban sekunde moja na mzunguko unaongeza kasi. Ukiinua, inamwagika kwa sekunde kama tano na mzunguko unapoa.

Nilipoimaliza ya kwanza ilikuwa saa tano usiku, stima imepotea mtaa mzima, nikaipima kwa betri na spika ndogo. Nilikanyaga na kuinua mpaka mama watoto akauliza ndani ya chumba kama kuna mgonjwa.

Mimi si mpiga gitaa, napiga kinanda kanisani. Kuna kitu changu hapa?

Ndugu, wewe ndiye uliyenimalizia swichi. Pedali ya kuvuta sauti ya kinanda si kitu kingine ila momentari ndani ya kasha na jeki ya mono. Za dukani zikivunjika, mara nyingi kilichovunjika ni plastiki au waya, na watu wanazitupa.

Kuna mambo mawili ya kujua. La kwanza: vinanda vingine vinataka swichi ya kuunganisha, na vingine, Yamaha kwa mfano, vimezoea pedali ya kukata. Vinanda vingi huangalia swichi ikoje wakati vinawashwa, na kujipanga kulingana na hiyo. Kwa hiyo chomeka pedali kwanza, toa mguu, ndipo uwashe. Jumapili moja niliitwa Kondele mbio, kwa boda, nikaambiwa pedali yangu mpya "imegeuka": sauti inavutika mguu ukiwa juu, na inakatika ukikanyaga. Kwaya imesimama, mchungaji ananitazama. Kijana alikuwa amewasha kinanda huku kiatu chake kikiwa juu ya swichi. Tukazima, tukawasha, ibada ikaendelea.

La pili: swichi ya kukanyaga ya gitaa ina springi ngumu na kichwa chembamba. Kwa wimbo mmoja sawa, kwa ibada ya saa tatu kifundo cha mguu kitakulaani. Weka juu yake kipande cha mbao chenye bawaba nyuma, urefu wa kiganja na nusu. Mguu unakandamiza mbao, mbao inakandamiza swichi, na nguvu inayohitajika inapungua kwa sababu unaikandamiza mbali na bawaba kuliko swichi ilipo.

Na waimbaji je?

Swichi ya kukohoa. Kwenye waya wa maikrofoni wa pini tatu, momentari ya kuunganisha kati ya pini 2 na pini 3 hunyamazisha maikrofoni ya kawaida kimya kimya unapoikanyaga. Usiiguse pini 1. Inafaa pia kwa mwenye kupenda kumwambia mpiga ngoma maneno ambayo waumini hawapaswi kusikia.

Swichi mbili zinaweza kutumia jeki moja?

Ndiyo, kwa jeki ya stereo: swichi moja kwenye ncha, ya pili kwenye pete, na ardhi ya pamoja. Pedali nyingi za lupa (zinazorekodi kipande na kukirudia) husoma hivyo, moja kusimamisha, nyingine kufuta. Soma kwanza kijitabu cha pedali yako kinataka swichi ya aina gani. Nyingi zinataka momentari, na ukizipa ile ya kubaki utakuwa ukikanyaga mara mbili kwa kila kazi.

Naweza kuitumia kufungua kurasa za nyimbo kwenye tableti?

Ndiyo. Bodi ya ESP32, nayo ni kompyuta ndogo ya chipu moja, inaweza kujitambulisha kwa Bluetooth kama kibodi, na swichi mbili zikawa mshale wa mbele na wa nyuma. Unganisha kila swichi kati ya pini na ardhi, na kwenye programu uchague INPUT_PULLUP ili usihitaji rezista za nje. Puuza mibonyezo inayofuatana ndani ya milisekunde 20. Usinunue ile ya ESP32-S2 kwa kazi hii, haina Bluetooth. Mimi siitumii, nyimbo ziko kichwani, lakini nimewatengenezea watatu na hakuna aliyelalamika.

Kasha nitoe wapi?

Makasha ya alumini ya pedali hupatikana kwa kuagiza, na ukishaonja kusubiri wiki saba utaanza kutazama vitu kwa jicho lingine. Pita soko la Kibuye, hasa Jumapili. Makasha ya chuma ya kuunganishia nyaya za stima yanafaa kabisa. Kopo la biskuti linafaa kwa kukata sauti tu, halivumilii kiatu: bati linabonyea na swichi inazama ndani. Kama ni lazima, weka kipande cha mbao ngumu chini ya bati, swichi ipite mbao na bati. Mafundi wa jua kali wanakukunjia kasha la bati nene ukiwachorea, ila wape vipimo kwa milimita na uwaonyeshe swichi yenyewe. Usiwaambie "kama hivi".

Shimo la swichi ni milimita 12. La jeki ni karibu 10. La poti ni 7. Anza na drili ya milimita 3, panda taratibu, na funga kasha kwenye jiliwa, usilishike kwa mkono. Nina kovu.

Plastiki ukiitumia kwa pedali yenye sauti ndani, utasikia mngurumo wa stima, hetsi 50, kila ukisogea karibu na taa. Kwa kikasha cha tempo au cha kinanda plastiki haina neno.

Swichi inadumu muda gani hapa kwetu?

Vumbi na unyevu wa ziwa vinaiua kabla ya kukanyagwa. Nyingi hazijazibwa. Mimi hukata kipande cha tyubu ya baiskeli na kukivalisha shingo ya swichi chini ya nati. Na wakati wa kulehemu usikae na chuma kwenye pini zaidi ya sekunde tatu: plastiki ya ndani huyeyuka, pini inapinda, na swichi inakuwa ya kubahatisha milele. Paka lehemu pini kwanza, paka waya, kisha uviguse pamoja.

Naweza kuitumia kuwasha taa ya nyumba au kengele ya mlango?

Kengele ya betri, ndiyo. Stima ya volti 240, hapana, hata kama ubavu wake umeandikwa 250V. Hicho ni kitu cha kukanyagwa na mguu, pengine mtupu, pengine jukwaani kwenye matanga huku mvua inanyesha.

Unauza hizo nne zilizobaki?

Mbili zina wenyewe. Ya tatu ninaijaribu kwenye pedali ya mwangwi ambayo inapanda taratibu na kushuka taratibu zaidi. Ya nne njoo uchukue, ila uje na kasha lililokwisha kutobolewa.